Fahali Niliyemchinja Kimya

Juzi baada ya swala ya Ijumaa mmoja wenu aliniuliza, "Mzee Hamisi, si kazi ya kuchinja inataka mtu mwenye roho ngumu?" Nikacheka mpaka nikashika ukuta. Mimi huyu mnayeniona, nikikuta paka amegongwa barabarani, siku hiyo chakula hakipiti. Nikikata kitunguu nalia kumshinda mke wangu. Na nimechinja ng'ombe miaka thelathini na moja, katika kichinjio kimoja hapa Nakuru. Msiniulize ni wangapi. Sijui, na sitaki kujua.

Sasa nimestaafu. Magoti yamekataa saruji yenye maji, nashinda hapa kwenye baraza ya msikiti wetu wa Bondeni nikiwaangalia nyinyi vijana mnavyojifunza kisu. Mnajifunza vizuri, siwezi kusema uongo, ila mna maringo. Nimeona niwaambie mambo mawili matatu kabla hamjaingia huko. Mengi ni ya kazi. Moja ni la siku ambayo hakuna anayeiomba, nayo humfikia kila mtu.

Nianze na kisu, maana hapo ndipo mnaponiudhi. Mnanunua visu vya supamaketi vyenye mpini wa njano, vinang'aa kweli kweli, halafu mnavinoa kama mtu anayepaka mkate siagi. Mzee Abdalla aliyenifundisha kazi alikuwa Mnubi mrefu, mkali, maneno yake machache, na alininyima kuchinja miezi mitatu mizima. Kazi yangu ilikuwa kunoa. Nilianza na jiwe la maji, kisha chuma, kisha nampelekea. Anakichukua kisu anakipitisha kwenye mkono wake wa kushoto. Unywele ukibaki, ananirudishia bila neno. Mkono ule ulikuwa laini kama wa mtoto mchanga, hauna hata unywele mmoja, na wageni walidhani ni ugonjwa wa ngozi.

"Kisu butu ni dhuluma," alikuwa akisema. "Na dhuluma utaulizwa."

Hakuwa anajitungia. Mtume, rehema na amani zimshukie, alitufundisha tukichinja tuchinje vizuri, tunoe kisu, tumpe mnyama raha. Usinoe mbele ya macho yake. Usimchinje mwenzake akiangalia. Mpe maji, mlaze ubavu wa kushoto bila kumkokota, mwelekeze kibla, litaje Jina la Mwenyezi Mungu, kata mara moja: koo, umio na ile mishipa miwili ya kandokando. Usifike kwenye uti. Kisha ondoka, simama kando, mwache atulie. Hayo yote mtayashika kwa mwezi mmoja. La kunoa litawachukua maisha yenu.

Na msidhani sikukosea. Hapa kwetu kibla ni upande wa Menengai, mtoto wa madrasa anajua. Wiki yangu ya kwanza ya kuchinja nilipelekwa uwanja wa nyuma ambako hapakuwa na mshale wa rangi ukutani, na asubuhi ile ukungu ulikuwa umeumeza mlima wote. Nikajikisia. Nikamlaza ng'ombe vizuri, nikajipanga, nikasikia Mzee Abdalla nyuma yangu akiuliza kwa upole ambao haukuwa wake, "Hamisi, huyo unamtuma wapi, kwa heroe?" Nilikuwa nimemlaza anaangalia ziwani, kwa wale ndege wa waridi wenye miguu mirefu. Wachunaji walicheka mwezi mzima. Kila wakiniona wananiuliza heroe wamepokea salamu.

Aliyecheka kuliko wote alikuwa Wafula. Lazima niwaeleze Wafula, kwa sababu bila yeye sina hadithi. Baba yake alitoka Bungoma kuja kufanya kazi reli, yeye akazaliwa hapa hapa, Mkristo wa kwenda kanisani kila Jumapili na suti ya kahawia. Alikuwa mchunaji, hodari ajabu. Ngozi ya Wafula haikuwa na tundu. Na kabla ya kuchuna yeye ndiye aliyenishikia kamba ya miguu. Tulifanya kazi pamoja miaka ishirini na mitano kabla ya siku nitakayowaambia. Aliniita Sheikh, na mimi si sheikh wala karani wa sheikh. "Sheikh, niombee mvua isinyeshe leo, nimeanika mahindi." "Sheikh, nimeota nyoka, hiyo kwenu ni nini?" Namwambia kwetu ni dalili ya kula mutura nyingi kabla ya kulala.

Huko kichinjioni wengi wa wenzangu walikuwa Wakristo, na karibu wote walikula nyama niliyoichinja mimi. Hilo mlifikirie. Mji mzima unakuamini kwa neno moja linalotoka kinywani mwako, na hakuna anayekaa karibu kulisikia.

Mzee Abdalla alikuwa na desturi yake ambayo leo sijaiona mahali pengine. Kila asubuhi kabla hajakupa kisu anakuuliza, "Umeachana vizuri na watu wa nyumbani?" Kama umegombana na mtu, unasema. Hakuna aibu. Siku hiyo hushiki kisu, unakwenda kuosha matumbo, na mtu mwingine anachinja. "Mwenye hasira hachinji," alisema, "anaua." Mwaka niliooa niliosha matumbo mara nyingi sana. Mke wangu Rukia akasikia habari hiyo sokoni, akaniambia basi tukigombana tena nimletee hayo matumbo nyumbani, angalau tuambulie kitu.

Mtoto wetu wa kwanza tulimwita Twahir. Baadaye tukapata wasichana wawili, nao nawashukuru, lakini mnajua desturi: jina la wa kwanza ndilo linalokuwa jina lako. Mimi nikawa Baba Twahir, yeye Mama Twahir, tukasahau kama tuliwahi kuwa na mengine.

Twahir alikuwa mtu wa mzaha, mwembamba, anatembea kama anachelewa gari. Kisu hakukitaka. Nilimleta kichinjioni siku moja akazimia kabla ng'ombe hajalala, Wafula akambeba nje begani. Akapata kazi Naivasha kwenye shamba la maua, akapanga chumba Kihoto, karibu na ziwa. Akawa anakuja nyumbani kila mwisho wa mwezi na maua yaliyokataliwa kwa sababu shina limepinda. Rukia anayaweka kwenye jagi la maji ya kunywa, tunakunywa maji yenye harufu ya waridi wiki nzima.

Kisha ukaja mwaka ule ziwa lilipopanda. Maji yakaingia Kihoto, yakaingia majumbani, watu wakaanza kuhama na vitanda vichwani. Twahir alimpigia mama yake simu asubuhi akamwambia yuko salama, chumba chake kimeshaingia maji lakini hana kitu cha maana cha kuharibika, anawasaidia majirani kuhamisha vyao. Ilipofika alasiri tukapigiwa na mtu mwingine. Alikuwa amebeba godoro la mama mmoja mzee, maji yamemfika mapajani, akakanyaga pasipo na chini. Palikuwa na shimo lililochimbwa kwa msingi wa nyumba, limefunikwa na maji, halionekani. Kuogelea hakujua. Mtoto wa Bondeni ataogelea wapi? Alikuwa na miaka ishirini na miwili.

Rukia ndiye aliyepokea simu. Alikaa chini sakafuni, simu bado sikioni, akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun." Sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea, hilo kila Mwislamu hulisema. Kisha akasema, "Alhamdulillah."

Vijana, nilimchukia. Nasema ilivyokuwa. Mwanamke niliyeishi naye miaka ishirini na minne, nilimwangalia pale sakafuni nikamwona kama mtu nisiyemjua. Anashukuru nini?

Nilimwosha mwanangu mwenyewe, mimi na Mzee Abdalla. Tukamzika kesho yake. Watu wakaja kwa wingi, Wafula na suti yake ya kahawia akashika koleo akafukia kama ndugu wa damu. Kila aliyenipa mkono wa pole aliniambia aliyekufa maji ni shahidi. Ni kweli, Mtume ameyasema hayo, na leo ndiyo yananipa usingizi. Lakini siku ile nilisikia kama watu wananipongeza kwa kupata kitu nisichokiomba. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mtu akifiwa, nyinyi shikeni mkono wake mkae naye kimya. Hayo ya ushahidi atayakumbuka mwenyewe wakati wake ukifika.

Siku ya nne nikarudi kazini. Nilikuwa nakimbia nyumba. Mzee Abdalla akaniuliza lile swali lake, "Umeachana vizuri na watu wa nyumbani?" Na mimi tangu mazishi nilikuwa sijamsemesha Rukia neno hata moja. Nikamjibu, "Vizuri." Aliniangalia sana. Nadhani alitaka kunisitiri kwa sababu ya msiba. Akanipa kisu.

Wa kwanza alikuwa fahali mweusi mwenye baka jeupe kifuani, mkubwa, ametoka upande wa Mogotio. Tukamlaza. Wafula akashika kamba ya miguu ya nyuma, akachuchumaa. Nikaweka mkono shingoni mwa mnyama, nikaangalia ule mshale ukutani, nikafungua kinywa niseme Bismillahi Allahu Akbar kama nilivyosema kila asubuhi ya utu uzima wangu.

Nikajiuliza, kwa jina la nani? La yule aliyeniacha nikamwoshe mwanangu matope masikioni? Nikafunga kinywa. Nikakata.

Nilikata safi. Mkono ulijua kazi yake. Ila nilikuwa nimesahau kitu kimoja, au tuseme sikuwahi kukijua. Miaka ishirini na mitano Wafula alikuwa akilingoja lile neno. Akilisikia ndipo anapokaza kamba na kujitegemeza kwa mguu wa nyuma, kwa sababu anajua teke linakuja. Siku ile hakusikia kitu. Teke la fahali likamkuta amelegea, likampata mbavuni, likamrusha mpaka kwenye mfereji wa maji machafu.

Nilimkimbilia. Alikuwa amelala ubavu anatafuta pumzi, kofia imeelea kule. Alipopata pumzi, hakulia wala kunitukana. Alinitazama akasema polepole, "Sheikh. Leo hujasema ile kitu unasemanga."

"Nimesema moyoni," nikamjibu.

"Hapana," akasema. "Hujasema."

Mbavu mbili zilikuwa zimepata ufa. Walipomaliza kumpakia kwenye gari kwenda kutazamwa nilimwendea Mzee Abdalla, nikamweleza. Akauliza, "Ulisahau?" Alitaka niseme ndiyo. Mwenye kusahau hana neno, nyama yake ni halali, amani tupu. Nikamwambia, "Sikusahau. Nilimnyima Mola."

Alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Kisha akafanya kama mtu wa kazi. Alisema wanazuoni wetu wa Kishafii hawaiharamishi nyama hiyo ingawa wanachukia jambo lenyewe, lakini wapo wanaoikataa kabisa, na mji huu una Waislamu wa kila namna. Basi nyama isiende kwa Mwislamu ambaye hajaambiwa. Fahali alikuwa aende kwenye hoteli moja hapa Bondeni. Akamwita mwenye mali, akamweleza mbele yangu bila kuficha, na nyama ikaenda kwa mwenye bucha wa mtaa wa Section 58 ambaye wateja wake hawakuwa na shida nayo. Nilisimama pale nikiangalia gambuti zangu. Naona aibu ile mpaka leo.

Tulipobaki wawili nikangoja anikaripie. Akaniambia, "Asubuhi ulinidanganya."

"Ndiyo, Mzee."

"Mtume wetu alipofiwa na mwanawe alilia. Watu walimwona. Jicho likatoka machozi, moyo ukahuzunika, na ulimi haukusema ila la kumridhisha Mola wake. Wewe umelia?"

Nikamwambia hapana.

"Basi umeruka mstari wa kwanza halafu unashangaa kwa nini wa pili haukuingii." Akaninyang'anya kisu. "Utakirudia utakapoweza kusema ukamaanisha. Matumbo yako kule."

Nikaosha matumbo miezi mitatu. Si adhabu, nilijua, ila yananuka vile vile. Na hapo ndipo nilipoogopa kwa kweli. Nilikuwa naswali, nainama na kuinuka, lakini kama mtu anayejaza fomu. Nilijiuliza itakuwaje kama lile neno halitarudi tena. Mchinjaji asiyeweza kutaja Jina ni mtu mwenye kisu tu. Na mume asiyeweza kuongea na mkewe kwa sababu amemshukuru Mungu, huyo sijui ni nani. Kila mtu mtaani ananiita Baba Twahir, habari ya asubuhi Baba Twahir, na kila wakiniita ni kama wananikanyaga kidole kile kile.

Nilikwenda kumwona Wafula nyumbani kwake. Nilibeba sukari, majani ya chai na aibu. Nilimkuta kwenye kiti, kifua kimefungwa bendeji.

"Usinichekeshe," akasema kabla sijaketi. "Nikicheka naona nyota."

Nikamwomba msamaha. Akapunga mkono kama anafukuza nzi. Kisha akaniambia kitu ambacho sijawahi kusikia kwa sheikh yeyote, Mungu awahifadhi.

"Mimi si wa dini yenu. Lakini hii kazi yetu, Hamisi, nilipoanza nilikuwa naenda nyumbani nashindwa kulala. Naona hawa wanyama wakinitazama. Halafu nikakuzoea wewe na hiyo neno yako. Nikaona, aa, kumbe hatuwaibi. Tunaomba mwenyewe kwanza. Nikaanza kulala." Akashika mbavu apumue. "Siku hiyo hujasema, nimeona kama tumeiba."

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Njia nzima nafikiria hilo. Miaka yote hiyo nilikuwa nikiomba ruhusa kwa Mwenye roho kabla ya kuichukua, kwa sababu nilijua roho ile si yangu. Ya ng'ombe nilijua ni yake. Ya kuku nilijua ni yake. Ya Twahir ndiyo niliyotaka iwe yangu, na nilikasirika kama mtu aliyeibiwa. Mnafundishwa madrasa kwamba mtoto ni amana, na mimi nimeyasikia tangu nikiwa na kofia ya kushonwa na bibi yangu, yakapita sikio hili yakatokea lile. Ilibidi niyasikie kwa Wafula, Mbukusu aliyevunjika mbavu kwa kosa langu.

Lakini kuelewa na kuridhika si kitu kimoja, msije mkadanganywa. Niliingia nyumbani nimeelewa na bado kifua kimejaa. Rukia alikuwa uani anaanua nguo. Nikasimama upande wa pili wa kamba, shuka iko katikati yetu, labda ndiyo maana niliweza.

"Mama Twahir, siku ile ulisema alhamdulillah. Kwa nini?"

Mikono yake ilisimama. "Ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Kumbe ndiyo sababu hunisemeshi." Akaivuta shuka ikashuka, tukaonana. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu. "Baba Twahir, unakumbuka alipozaliwa? Nilisema nini?"

Nikakumbuka. Nilikuwa nje ya mlango siku hiyo, na sauti yake nilikuwa nimeisikia vizuri.

"Nilimpokea na neno hilo," akasema. "Siku ile kwenye simu nilitafuta neno la kumsindikizia, sikupata jingine. Unadhani nilifurahi?"

Nikamuuliza kama basi ameridhika. Akaniambia hapana, si hivyo ninavyodhani. Kuna siku anaamka ameridhika, ikifika adhuhuri anaona kijana amevaa shati kama lake, anavunjika upya. Basi anasema tena. Jioni anasema tena. "Nasema ili nifike," akaniambia. "Sikusema kwa kuwa nimefika."

Mtume alifundisha kwamba subira yenyewe hasa ni ile ya pigo la kwanza. Rukia aliipata pale pale sakafuni. Mimi ilinichukua miezi mitatu na harufu ya utumbo kwenye kucha. Niliwahi kumuuliza sheikh mmoja kama subira ya kuchelewa inapokelewa. Akaniambia, "Hamisi, Mola wako si karani wa ofisi, hafungi dirisha saa kumi." Ilinifurahisha sana hiyo, na nimeisema katika matanga mengi tangu wakati huo. Mkiwa na la kumwambia mfiwa baada ya kumaliza kukaa naye kimya, mwambieni hilo.

Siku chache baada ya maongezi yale ya uani Wafula alirudi kazini. Ilikuwa siku ya kawaida kabisa, Jumanne, kuna baridi, maji ya mpira yanauma mikono. Nikamwendea Mzee Abdalla. Akauliza swali lake. Nikamwambia nimeachana nao vizuri, na safari hii nilikuwa nimekunywa chai na mke wangu tukaongea habari ya mabati yanayovuja. Akakipitisha kisu kwenye mkono wake, akanipa.

Ng'ombe alikuwa mtamba mwekundu, mpole. Tukamlaza. Wafula akashika kamba, kwa uangalifu kuliko zamani. Nikaweka mkono shingoni, nikasema Bismillahi Allahu Akbar. Nilisema, lakini sauti ilitoka kidogo.

Wafula hakukaza kamba. "Boss," akasema, "sema nisikie. Mimi niko na mbavu moja imebaki nzuri."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, na kicheko kile ndicho kilichofungua kitu. Machozi yakaanza kunitoka mbele ya kichinjio kizima, mkono bado uko kwenye shingo yenye joto, nikalisema Jina kwa sauti yangu yote. Nililisema kwa ajili ya yule mtamba. Nililisema na kwa ajili ya Twahir pia, mwenye roho yake nikimjua sasa ni nani, na nikimwachia. Wafula akakaza. Nikakata. Kisha nikasimama kando nikilia kama mtoto, na wanaume wenye visu wakajifanya wanatafuta kitu kwenye mfereji.

Jioni nilirudi nyumbani mapema. Rukia alikuwa ameteleka wali wa nazi, anachambua sukumawiki mlangoni. Akaniuliza kama anavyoniuliza siku zote, bila kuinua kichwa, "Baba Twahir, kazi imekuwaje leo?"

Nikamwambia, "Alhamdulillah."

Akaacha kuchambua. Akaniangalia usoni, akaona macho yangu yalivyovimba, akajua. Nikaketi chini pale pale karibu naye, na kwa mara ya kwanza tangu tumzike mtoto wetu tukamlilia pamoja, tukamtaja jina, tukacheka alivyozimia kichinjioni, tukalia tena. Wali uliungua. Tukaula hivyo hivyo, na ulikuwa mtamu.